Mheshimiwa Afisa wa Ustawi, Tumeshapumua

Kwa Afisa wa Ustawi wa Wafanyakazi,
Ofisi ya Mbarara. Jina la shirika nalihifadhi, nisije nikaonekana nina msongo.

Bango lako limefika Rugaaga. Tumelibandika kwenye mlango wa chumba cha ushauri nasaha, palepale kitasa kilipong'oka, na limesaidia kweli: walio nje hawamwoni tena anayelia ndani. Yule dada wa kwenye bango, aliyefumba macho kando ya ziwa, tumemjadili sana. Wengi wanaamini mshahara wake umeingia.

Ahsante pia kwa mafunzo ya kupumua. Vuta, shika, achia. Kushika tumeweza, hela ya motisha ndiyo tunaisubiri ili tuachie.

Labda huko mjini kazi yenyewe hamuijui. Makazi yetu ya Nakivale yamepokea wakimbizi tangu 1958: Wanyarwanda, Warundi, Wasomali, Wakongo. Lugha ni nyingi, na mimi ni mkalimani. Mshauri anatoka Mbarara, mteja katoka Kivu, nami nimekaa katikati yao kwenye benchi. Taratibu zinataka niseme kama anavyosema mwenyewe. Mama akisema "walimuua mume wangu mbele yangu," nami nasema "walimuua mume wangu mbele yangu." Asubuhi moja naweza kufiwa mara tatu. Saa kumi gari linamrudisha mshauri mjini, ambako ana msimamizi wa kumsikiliza na likizo ya kupumzisha akili. Ni haki yake, azidishiwe. Mimi narudi kwa miguu, nimeapa siri hata kwa mke wangu, na yule mama namkuta bombani na madumu yake. Tunaangaliana kidogo, kisha tunaongea bei ya unga.

Niliuliza kama nami naweza kusikilizwa. Nikajibiwa kwa upole kwamba huduma hiyo ni ya wafanyakazi, na mimi, kwa karatasi niliyotia saini, najitolea tu. Sawa. Ila wiki ileile mkaniletea fomu: "Je, mwajiri wako anajali afya yako ya akili?" Nikaacha wazi, maana sina mwajiri. Nasikia ripoti imetoka, na hakuna aliyelalamika.

Sisemi mnavunja sheria. Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa. Kwa kipimo hicho mnatudekeza. Nashangaa tu, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliueleza uchovu wa kazi kuwa matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa. Kazini, Mheshimiwa, si puani. Na tarehe 10 Oktoba 2024, dunia nzima ilipoadhimisha afya ya akili mahali pa kazi, nyie mlituletea fulana. Ni nzuri. Yangu navaa nikienda kuuliza malipo.

Mwaliko wa semina ya ustawi, hotelini Mbarara, nimeupata. Niliufurahia mpaka nilipofika mstari wa mwisho: nakuja kutafsiri. Nitakuja. Naomba nauli itangulie safari hii, kwa kuwa ile ya semina iliyopita bado nawadai.

Wako katika kujitolea,
Mkalimani, Rugaaga