Mwongozo wa Kutamka "Chakula Halisi" Mezani

Kabla hujalitamka neno hilo mbele ya watu, nenda kwanza kwenye mashine ya kusaga ya mtaani kwenu, ile ambayo vumbi la unga limemganda mwendeshaji mpaka kwenye kope. Simama upande wa kukoboa. Mahindi yanaingia mazima. Huku zinatoka punje nyeupe, kule zinamwagika pumba zenye harufu tamu, na humo ndimo kilimo kiini chenye mafuta, pamoja na nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini B. Mfugaji anasubiri na kiroba chake. Kuku wanapata kiini, watoto wetu wanapata wanga, na hili linaniuma kila nikilitazama. Tangu 2011 kanuni za Tanzania zinavitaka viwanda kuongeza madini ya chuma, zinki na vitamini kwenye unga. Naziunga mkono. Sembe iliyorutubishwa ni chakula cha kiwandani, na inamfaa mjamzito.

Ukishaona hayo, acha kusema chakula halisi ni kile "kisichosindikwa". Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Bibi anaumenya, anauloweka au kuuvundika, anauanika, anautwanga, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Tarime, miaka ya 1980, ukame ulipowalazimisha watu kufupisha kazi hiyo, ugonjwa wa konzo uliwapooza miguu. Dagaa walioanikwa, mtindi wa kibuyuni, tui lililokamuliwa kwa mkono: vyote vimesindikwa, na nani atathubutu kusema si halisi?

Mababu nao wasitajwe ovyo. Mahindi na muhogo asili yake ni Amerika. Wareno ndio waliovileta Afrika kuanzia karne ya 16. Ukitaka cha mababu hasa, pika uji wa ulezi.

Mtu akilalamikia "vya viwandani", muulize anakusudia kipi. Mwaka 2009 Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, alipendekeza tukipange chakula kwa kuangalia kimefanywa nini na kwa nia gani. Maziwa yaliyochemshwa kiwandani na kufungwa pakiti bado ni maziwa. Cha kuogopa ni kile kilichoungwa kwa sukari, wanga uliobadilishwa, rangi na ladha, kama ile "juisi ya embe" ya unga. Geuza pakiti usome nyuma, kisha utafute embe.

Sasa nunua mahindi ya dona. Yapepete, yachambue, na punje yenye ukungu usiionee huruma, maana dona haikobolewi na sumukuvu inabaki yote. Dodoma na Manyara iliua watu mwaka 2016. Usisage gunia zima pia: mafuta ya kiini huchachuka upesi. Mimi nasaga kilo tano tano, na unga ukitoka mashineni bado una joto, naupeleka nyumbani kifuani kama mtoto.