Bomba la Saluni

Muuzaji aliposema, "Hii inatosha, bosi," sikumuuliza inatosha nini. Kila kilichofuata kilikuwa riba ya deni hilo.

Mimi ni mhasibu. Naishi Dar es Salaam na, kama wenzangu wengi wa ofisini, nina eka moja ya mahindi mahali nisipofika, kule mbele ya Morogoro, upande wa Dakawa. Nalima kwa simu. Natuma hela ya kulimia, natuma hela ya palizi, natuma hela ya mbolea, kisha napokea picha. Picha ya msimu huu ilinitoa usingizini: majani yametoboka kama chandarua cha gesti, na katikati ya mhindi, pale kwenye moyo wake, kumejaa kitu kama unga wa mbao. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye anayekaa shambani. Chini ya picha aliandika neno moja tu: "Wamefika."

Viwavijeshi vamizi. Wageni hawa kutoka Amerika walibainika barani Afrika mwaka 2016, Tanzania wakatuingilia 2017, na tangu hapo wanakula mahindi yetu kama waliochangia mbegu. Nikajiapiza kwamba safari hii situmi hela, naenda mwenyewe. Vita gani mtu anapigana kwa simu?

Kariakoo nilikuta mabomba ya aina mbili. Ukutani lilining'inia lile la kubeba mgongoni, la lita 16, ambalo wakulima wote wanaliita solo. Nililitazama, nikaufikiria mgongo wangu, ambao kwa miaka kumi na mitano kazi yake imekuwa kuegemea kiti. Kwenye meza kulikuwa na dogo la kushika mkononi: chupa ya plastiki ya lita 2, mpini wa kupampu juu, na kitufe cha kubonyeza kwa dole gumba. Shilingi 18,000. Boksi lake lilikuwa na picha ya mama wa Kizungu mwenye kofia pana, anatabasamu, ananyunyizia ua waridi. Ua moja. Ukweli wote ulikuwa umechapishwa pale kwa rangi, nami nikaukunja vizuri nikautia kwenye begi.

Treni ya umeme ikanifikisha Morogoro, basi likamalizia. Jioni nikalitoa bomba mbele ya shemeji, taratibu, kama mtu anayefunua mahari. Akaligeuza huku na huku.

"Shemeji, umepitia saluni?"

Nikacheka kwa adabu. Utani wa mashemeji una nafasi yake.

Kesho yake saa 12 na nusu asubuhi tulikuwa shambani. Shemeji akashauri tujaribu kwanza kwa maji matupu, bila dawa. Nilidhani ni utaalamu. Baadaye niligundua ilikuwa huruma.

Nikajaza chupa mpaka juu. Nimelipia lita 2, naanzaje kutia pungufu? Nikapampu mara tatu, mpini ukagoma kama punda aliyeona daraja. Nikabonyeza. Bomba likapiga chafya mbili za nguvu, halafu likaanza kudondoka matone kama bomba la yadi kodi isipolipwa.

"Hewa haina pa kukaa," shemeji akasema.

Akanieleza pale pale, bila haraka, kama anavyomweleza mwanawe wa darasa la nne. Bomba hili halina injini. Unapopampu unabana hewa juu ya maji, na hewa hiyo ikitafuta nafasi ndiyo inayoyasukuma maji nje. Ukijaza mpaka shingoni, hakuna cha kubana. Ijazwe robo tatu tu. Kwa hiyo lita 2 zangu zilikuwa lita moja na nusu, na hapo hatujaugusa hata mhindi mmoja. Ofisini hasara ya robo ya mtaji tunaiandikia barua.

Raundi ya pili nikapampu mara 40. Safari hii likapuliza kweli, ukungu mwembamba wa kupendeza, nami nikaanza mstari wa kwanza kwa mwendo wa mtu anayepigwa picha. Kila mhindi niliupa maji ya kutosha moyoni, nikautazama, nikauongezea. Nilipofika wa ishirini, ukungu ukakatika. Chembe ya mchanga kutoka kisimani ilikuwa imeziba tundu la nozeli.

Hapa nilifanya mambo mawili ambayo hayamo kwenye wasifu wangu wa kazi. Kwanza, nilifungua kifuniko bila kutoa presha. Kikapiga mluzi, kikanirukia mkononi, na matone yaliyokuwa shingoni yakahamia usoni. Pili, huku bado sioni vizuri, nikaichomoa nozeli nikaipeleka mdomoni niipulize. Shemeji akanipiga kofi la mkono, nozeli ikaanguka.

"Leo ni maji," akasema. "Kesho mdomo utakumbuka njia hiyo hiyo, na ndani kuna dawa."

Akatoa mfukoni mswaki mzee wa meno, akaisugua nozeli, akaisuuza, akanirudishia. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyolowa.

Tukaenda kukaa chini ya mwembe. Pale nilikuwa nyumbani kwangu: kuna mchanga, kuna kijiti, kuna hesabu. Eka, kama kila mtu anavyojua, ni hatua 70 kwa 70. Mahindi yetu yamepandwa sentimeta 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, hivyo eka ina mashina yapata 18,000. Shemeji akasema eka hii hula solo tano, yaani lita 80. Nikagawanya: kila mhindi unapata mililita nne na ushee, chini ya kijiko cha chai. Kumbe ile miche ishirini ya mwanzo nilikuwa nimeiogesha.

Nikaendelea, ingawa mkono ulishaanza kusita. Lita moja na nusu inatosha mashina 340 hivi. Mstari mmoja una mashina 213. Kwa hiyo bomba langu, likijazwa sawasawa na kushikwa na mtu mwenye akili timamu, linamaliza mstari mmoja na nusu. Mistari iko 85. Nijaze mara 53 na zaidi. Ukipiga dakika tisa kwa kila mjazo, pamoja na kupampu, kutembea na kurudi kwenye ndoo, ni saa nane kamili. Na kwa kuwa presha hushuka kila maji yanapopungua, ukipampu 40 mwanzoni na 40 nyingine njiani, jumla ni zaidi ya mara 4,200. Niliangalia dole gumba langu. Lilikuwa limeshaelewa kabla yangu.

"Kwa kipimo cha eneo?" shemeji akauliza, kwa ukatili.

"Mita za mraba 75."

Nusu ya uwanja wa mpira wa wavu, nayo haifiki.

Kicheko chake kilimvuta jirani, mzee mmoja bwana afya mstaafu, ambaye enzi zake aliongoza vijana wa kupulizia dawa ya mbu majumbani. Nikamwamkia, nikamuuliza kitaalamu kabisa bomba kama hili huwa linatosha eneo gani.

"Mwanangu, bomba halina eneo," akasema. "Eneo liko kwenye miguu yako."

Akachukua kijiti changu cha hesabu, akasimama mbele ya ukuta wa choo. Ncha sentimeta 45 kutoka ukutani, isisogee wala isirudi. Ukanda wa upana wa sentimeta 75. Anapandisha, anapiga hatua, anashusha, huku anahesabu kwa sauti. Vijana wake, alisema, walifundishwa mita za mraba 19 kwa dakika, mililita 40 kwa kila mita ya mraba, na aliyeharakisha alirudia ukuta mzima. Kwa hesabu ya ukutani, chupa yangu ilikuwa mali ya chumba kimoja cha kupanga. Mzee alimaliza ukuta wa choo bila kuhema, akanirudishia kijiti. Nikagundua nilikuwa nimesimama kwa heshima, kama kwenye wimbo wa taifa.

Saa nne upepo ulikuwa umeanza na jua limepanda, kazi ya dawa ikasubiri jioni, upepo utulie na viwavi waanze kutoka mafichoni. Shemeji alirudi na solo ya kuazima, amevaa mabuti, glovu, barakoa na shati la mikono mirefu. Mimi nilipewa cheo cha ndoo. Nilichota, nikachuja maji kwa kitambaa, nikapima mililita kwa bomba la sindano kama mkemia, naye akaenda na kurudi, mstari hadi mstari, kwa mwendo ule ule wa mzee. Solo tano, na adhana ya magharibi ilimkuta anaosha vyombo.

Bomba langu, ambalo halikuwahi kuonja dawa, nilirudi nalo Dar. Mke wangu alilitazama, akalitia kwenye pochi, akaenda nalo kusuka. Jioni alinipigia simu kutoka huko huko, sauti imejaa sifa. Bomba limependwa. Dada wa saluni anataka mawili, ila ana swali, akampa simu.

"Shikamoo shemeji. Hivi hii ikijaa inatosha vichwa vingapi?"

Nikamwomba achukue kikombe cha kupimia, asijaze mpaka juu, na aniambie kwanza huwa anapuliza akiwa amesimama au anatembea.