Jinsi ya Kumfundisha Mkulima wa Bura Kilimo

Hongera kwa kupangiwa kazi Bura, Kenya. Cheti unacho, buti unazo, na mshahara wako unaingia mwisho wa mwezi, Mto Tana ukijaa au ukikauka. Hiyo ya mwisho ndiyo zana yako kuu, itunze.

1. Usisome historia. Ukiisoma utajua kwamba mradi huu wa umwagiliaji ulibuniwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukapangiwa hekta 6,700, ukaishia kwenye 2,500 hivi. Utajua pia kwamba pampu za dizeli pale Nanigi ziliwekwa ziwe za muda, zikageuka za kudumu. Zilipozimika, pamba ilikauka ikiwa imepigwa dawa kwa ratiba safi kabisa, na deni la pembejeo likabaki kwa mkulima. Habari kama hizi huvunja moyo wa mtaalamu.

2. Piga hesabu ya msimu mzuri peke yake. Chora safu ya gharama na safu ya mavuno. Safu ya “maji yasipokuja” huharibu jedwali. Mzee akiuliza, “Afisa, na mfereji ukikauka mahindi yakiwa yanatoa ndevu?” mjibu, “Tuchukulie hautakauka.” Akikutajia Hola, jirani zake wa kusini, ambako mwaka 1989 Tana ilihama na kuziacha pampu zikitazama mchanga, mweleze kwamba mto huo haukufuata mpango kazi.

3. Mkulima akichanganya mazao, andika “hana mwamko”. Enzi za pamba, familia ziliambiwa pamba kwanza, nazo zikayakimbilia mahindi. Sababu haikuhitaji utafiti: malipo ya pamba yakichelewa, pamba haichemshwi. Leo utamkuta mzee ana mahindi uliyoagiza, kunde pembeni, ndengu kwenye kona inayohifadhi unyevu, na mbuzi wachache kwa shemeji yake ng'ambo ya mto. Atachimbua mtaro kwa kisigino, aufinye udongo kiganjani, autupe, aseme, “Bado.” Usimuulize ameona nini. Fomu yako haina nafasi ya kisigino.

4. Leta utabiri, kisha mlaumu aliyeusikia. Mwaka 2023 Idara ya Hali ya Hewa ilitahadharisha kuhusu El Niño. Oktoba, Rais akawatuliza wananchi kwamba haitakuwa ya kuangamiza. Novemba, Tana ikafurika na barabara ya Garissa ikakatika. Sasa mwambie mkulima apande kwa kufuata taarifa rasmi, naye achague ipi. Kuna wanaogawa mbegu, nusu bondeni, nusu mwinukoni. Mafuriko yakija hupoteza nusu. Ukame ukija, nusu ile nyingine. Wewe waonyeshe jinsi ya kuweka zote mahali pamoja, panapopendeza kwenye picha.

5. Tatizo likikushinda, panda mti. Miaka ya 1980 mathenge ililetwa huku ili watu wapate kuni na jangwa lizuiwe. Ilishika kuliko zao lolote lililowahi kuhubiriwa Bura: imeziba mifereji, imemeza malisho, na mbuzi hula maganda yake na kuisambaza bure, bila alawansi. Kwenye ripoti, hayo ni mafanikio. Jangwa lenyewe halina pa kukanyaga.

6. Usikiri kwamba nyote wawili mko sahihi. Mbegu chotara huzaa zaidi kweli, mbolea ikitiwa kwa wakati na maji yakifika kwa wakati. Shamba la utafiti hujibu swali la mavuno ya juu kabisa. Mzee anajibu swali jingine: mwaka mbaya ukija, watoto watakula nini, na nani atamdai? Kuunganisha maswali hayo kungehitaji kumkalisha mzee mezani kabla mpango haujapigwa muhuri, na chai ya kikao hicho haikutengewa bajeti.

7. Jihadhari na ombi moja. Siku moja atakwambia kwa adabu zote, “Afisa, ushauri wako ni mzuri. Basi mshahara wako nao tukulipe baada ya mavuno, kwa magunia.” Kataa. Ukikubali, kabla jua halijatua utaonekana kando ya mtaro, unatafuta mahali pa kuchomeka kunde.