Safari ya Hatua Tatu

Kijana wa mjini akirudi likizo Makuyuni, Korogwe, haji tena na flashi. Flashi ni ya washamba. Anakuja na kompyuta, ruta na PlayStation 3, mashine ya gemu iliyotoka mwaka 2006, sasa kaipandisha cheo kuwa sinema ya ukoo.

Filamu iko kwenye kompyuta, mezani. PlayStation iko chini ya televisheni. Kati yao ni hatua tatu. Filamu itapaa hewani, ipitie kwenye ruta, itue kwenye skrini. Anajisifu kwamba haili bando, na kweli hajakosea: yote yanaishia humo humo ndani.

Tabu ni kwamba mashine yenyewe ni mchaguzi. Faili la MP4 inalipokea, la MKV inalikataa. Basi kompyuta ilipike upya huku watu wakitazama. Feni inavuma kama mashine ya kukoboa. Jambazi anainua bastola, anaganda.

"Subiri kidogo mjomba, inavuta."

"Haya baba. Na ule waya wa HDMI pale ukutani, kazi yake nini?"

"Ule wa dharura, mjomba."

Mjomba akavaa kandambili, huyoo, kibanda umiza. Huko flashi ya washamba imechomekwa, DJ anatafsiri kwa mtindo wa kina Lufufu, na jambazi alishazikwa zamani. Tekinolojia tunaipenda jamani, ila na sisi wengine tuna shamba kesho.