Shemeji na Njaa ya Hewa

Injini ya gari, kwa maelezo ya shemeji yangu, ina njaa ya hewa. Siyo petroli, siyo oili. Hewa. Somo hili ananipa uani kwangu, Charambe, tangu mvua za vuli, mkono mmoja ukiwa ndani ya boneti na mwingine umeshika kikombe cha chai ya sukari yangu. Namsikiliza kwa sababu ni kaka wa mke wangu, na mtu mwenye akili hagombani na kaka wa mke wake kwa ajili ya hewa.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet, toleo lile la mwisho kabla Wajapani hawajaacha kuzitengeneza mwaka 1999. Hapa mjini limewahi kuwa la mwalimu, likawa la mchungaji, kisha la mfuga kuku, na harufu ya huyo wa mwisho bado imo kwenye siti za nyuma. Ni gari la watu wenye adabu zao. Injini lita 1.3, nguvu za farasi kama 85, tukichukulia kwamba farasi wote bado wako hai. Balaa lilianza shemeji alipogundua kwamba Toyota walitoa Starlet nyingine, umbo lile lile, ukubwa wa injini ule ule, ila imefungwa tabo kiwandani, na hiyo ina farasi 135. Tangu siku hiyo anatembea kama mtu aliyedhulumiwa farasi 50 kwenye mirathi.

Kwa wale ambao Mungu hakuwapa shemeji wa namna hii, tabo ni mapanga mawili madogo yaliyofungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini, ule ambao sisi wengine tunauacha uende zake kwenye ekzosi, unazungusha panga la kwanza. Panga la pili, upande wa pili, linavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo inaongezwa, na mlipuko ndani ya silinda unakuwa wa kiume. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyepata hataza ya wazo hili mwaka 1905, na mimi nina maneno naye tukikutana ahera.

Tena Mswisi namwelewa. Kwao ni milima, juu kule hewa ni nyepesi, injini inahema. Malori yanayopanda Kitonga na shehena ya Zambia yana tabo, na yanaihitaji. Meli zinazotia nanga hapo bandarini nazo zina tabo. Wote hao wana mzigo na wana safari. Lakini Charambe? Hapa tuko jirani na usawa wa bahari, hewa imejaa tele, nzito, na haina mita wala bili. Kitu ambacho Temeke kimetusumbua miaka yote ni maji. Hewa hatujawahi kuipangia foleni na ndoo.

Tabo ilipatikana Gerezani, kwa mtu aliyeinunua kwa mtu mwingine aliyeshusha kontena la magari yaliyokatwa nusu huko Japani. Shemeji aliishika shafti kwa vidole, akaitikisa kulia na kushoto kuona kama inacheza, akaizungusha, akaitega sikio. "Haina mchezo, shemeji," akaniambia kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa mkewe. Ilipofika nyumbani ililala kabatini, imeviringishwa kanga ya mke wangu, ile nzuri. Nilipouliza kanga inafuata nini huko, nikaambiwa ni kwa ajili ya vumbi. Suruali yangu ya kazini inapigwa vumbi la Mbagala kila siku na hakuna aliyewahi kuivika kanga.

Mke wangu ana hoja yake, na hoja yake ndiyo iliyonimaliza. Anasema bora kaka yake ahangaike na injini kuliko kushinda kijiweni. Sawa. Ila kijiwe hakikufa, kimehamia kwangu. Jumamosi asubuhi utawakuta wamepanga viti vyangu vya plastiki chini ya mwembe, wanatazama ndani ya boneti kama madaktari, na wengi wao hawajawahi kumiliki hata baiskeli. Yupo dereva bodaboda, yupo mstaafu wa bandari, yupo kijana anayeuza vocha. Wanaanza na tabo, wanahamia usajili wa Simba na Yanga, wanarudi kwenye tabo njaa inapobisha. Mihogo inaletwa. Nani analipa, msiniulize.

Mtu pekee anayejua anachosema ni fundi wa kutoka Mwananyamala, kijana mpole aliyesomea VETA Chang'ombe, na kwa sababu hiyo ndiye asiyesikilizwa. Aliwaeleza kwa utaratibu. Injini ya kawaida ya Starlet hii hubana hewa kwa uwiano wa 9.6 kwa 1. Ile iliyotoka kiwandani na tabo, Toyota waliipunguza makusudi hadi 8.2 kwa 1, ili hewa ya ziada ipate nafasi. Ukiishindilia hewa injini ambayo tayari inabana sana, petroli italipuka kabla ya wakati wake, joto litapanda, na siku moja utatafuta pistoni uikute na tundu. Ushauri wake: "Bosi, tafuta injini nzima ya tabo, hii iache ipumzike."

Baraza la mwembeni likakaa kimya kidogo. Kisha dereva bodaboda akasema, "Weka gasketi nene." Ikapita kwa kauli moja.

Gasketi nene kweli huongeza nafasi kidogo juu ya pistoni, hilo hata fundi alikubali, kwa shingo upande. Lakini gasketi haiji peke yake. Ikaja manifodi ya kuchomelewa, maana tabo haina pa kukaa. Ukaja mpira wa kupeleka oili kwenye tabo, na mwingine wa kuirudisha. Zikaja nozeli kubwa, pampu ya mafuta, na kontroli boksi ya kuziambia nozeli zimwage kiasi gani. Kila kifaa kilikuwa cha mwisho, na kila kifaa kiligharimu elfu ishirini zaidi ya alizokuwa nazo mfukoni. Elfu ishirini hizo zinaitwa "za kuazima". Nimezoea.

Sasa tabo imefungwa, farasi hawa watakimbilia wapi? Tabo haiamki mapema. Inahitaji moshi mwingi kwanza, hivyo unakanyaga mafuta, unasubiri, halafu ndipo inakusukuma. Kutoka kwangu hadi lami ni mchanga na matuta, matuta tuliyoyajenga wenyewe wakazi baada ya bodaboda kumgonga mbuzi wa watu. Shemeji anakanyaga, tabo inaanza kufumbua jicho, tuta hilo hapo. Breki. Inalala. Anakanyaga tena. Tuta. Nimepanda naye hadi Kilwa Road nikashuka na maumivu ya shingo, na kasi sikuiona. Pale Zakhem tuliganda kwenye foleni. Bajaji ikatupita pembeni ikiwa na mama aliyekumbatia godoro, na yule mama hakuonekana kuwa na haraka yoyote.

Na penye nafasi, ndipo trafiki walipo na tochi yao. Kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kasi hiyo Starlet ya mchungaji ilikuwa inaifikisha bila msaada wa Uswisi. Ukizidisha, ni faini ya shilingi 30,000, ambazo nazo najua zitaazimwa wapi. Petroli sitaki hata kuizungumzia. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitangaza bei kikomo, shemeji hufungua redio kwa sauti ya juu, kisha huizima, kisha hunitazama.

Kwa hiyo kilichobaki ni usiku. Anatoka barabara zikiwa tupu, anakuja saa saba, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba tabo hairuhusiwi kuzimwa ghafla. Ikishakimbizwa inakuwa ya moto sana, na ukizima injini oili inasimama, inaungulia kwenye shafti. Inatakiwa iachwe ingurume taratibu mpaka ipoe. Inangurumia wapi? Chini ya dirisha langu. "Shemeji, vumilia, inapumzika," ananiambia kwa kunong'ona, asije akaniamsha. Akimaliza, kabla ya kuzima, anaitia mafuta mara moja na kuachia, ili itoe ule mlio wa "pshiii" ambao, nimekuja kugundua, ndio bidhaa yenyewe. Fedha zote zile zilinunua "pshiii". Jogoo wa jirani anajibu. Mtoto mdogo analia. Mke wangu anageukia ukutani na kusema, kwa fahari kabisa, "Si unaona, imepona."

Juzi nimerudi kazini nikakuta boneti ya gari langu mimi, IST ya watu, iko juu. Shemeji kainamia, taa ya simu mkononi, mstaafu wa bandari kashika kikombe. Akageuka akiwa na tabasamu la mtu mwenye habari njema. Akasema injini hii yangu ya 1.5 ina undugu na ile waliyowahi kuifunga tabo kwenye Vitz kule Japani, kwa hiyo si kwamba tutabuni kitu, ni kumalizia tu kazi ambayo Toyota wenyewe waliianza. Wajumbe wa mwembeni wakatikisa vichwa. Gasketi ikatajwa.

Siku hizi funguo ya IST inalala ndani ya ndoo ya mchele, chini kabisa, na mchele nimeanza kuupika mimi mwenyewe.