Katika Kuusifu Mlio wa Springi

Waandishi wa kale hawakuona haya kuvisifu vitu ambavyo watu wengine huvipita wakiwa wamegeuza nyuso. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya tisa, alitumia kurasa nyingi za kitabu chake cha wanyama kuwapambanisha mbwa na jogoo, kila mmoja na wakili wake wa kumtetea kwa hoja na mashairi. Na Lucian, aliyemtangulia kwa karne nyingi, alimtungia nzi sifa ambazo masultani wengi hawakuzipata. Maadamu nzi na mbwa wamekwisha kupata haki yao, sioni sababu ya kuuacha bila mtetezi mlio wa springi wa pikapu kuukuu, ambao husikika alfajiri ukitoka Maneromango kwenda Kisarawe mjini, au ukiiacha lami ya Mlandizi na kuielekea Mzenga, na ambao sijapata kumsikia mtu akiutaja ila kwa kuulaani.

Msifu mwenye adabu huanza na nasaba. Springi ya vyuma vilivyopangwa jani juu ya jani ilibeba magari ya farasi ya mabwana wa Ulaya kabla ya magari ya injini kuwapo. Mwingereza Obadiah Elliott alipewa hataza ya springi zake mwaka 1804, na tangu hapo ukoo huu umeshuka daraja kwa daraja, kutoka chini ya makalio ya malodi hadi chini ya magunia ya mkaa, bila kupoteza heshima yake wala sauti yake. Pikapu ya Hilux, ambayo Toyota ilianza kuiunda mwaka 1968, iliirithi springi hiyo nyuma, na zile kuukuu zenye kuvuta kwa magurudumu yote manne ziliirithi nyuma na mbele, kwa hiyo zimejaliwa kona nne za kulia.

Wajinga hudhani kwamba mlio huo ni dalili ya uvivu wa chuma, ilhali ni dalili ya kazi. Gari linapoingia shimoni, majani ya springi huteleza moja juu ya jingine, na msuguano huo ndio unaolituliza gari lisiendelee kurukaruka. Kabla ya shokapu kuenea, aghalabu msuguano ulikuwa ndio mtulizaji pekee. Ikiwa grisi imekauka, na vumbi jekundu la Kisarawe limeingia, au ule udongo mweupe wa kaolini wa vilima vya Pugu, basi chuma hushika na kuachia, hushika na kuachia, mara nyingi mno kwa nukta moja, na hapo ndipo sauti inapozaliwa. Upinde wa fidla hauufanyii waya jambo jingine. Wapiga fidla wa Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, huupaka upinde utomvu mkavu kusudi ushike na kuachia kwa namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wao hununua utomvu wao, na pikapu hupakwa vumbi bure.

Fadhila ya kwanza ya mlio huu ni ukweli. Mizani ya serikali katika barabara ya Morogoro hushughulika na magari yenye uzito wa tani 3.5 na kuendelea, na pikapu hupita kando yake kwa maringo, haiulizwi neno; lakini springi imekwisha kupima. Mwenye pikapu iliyoundwa kubeba takriban tani moja, akipakia mihogo, na juu ya mihogo mananasi, na juu ya mananasi abiria, anaweza kumdanganya mwenye mihogo na mwenye mananasi, na hata nafsi yake, ila kule chini kuna shahidi anayetoa ushahidi kwa kila tuta, kwa sauti ambayo kijiji kizima kinaisikia.

Fadhila ya pili ni ulinzi. Kuku na mbuzi wa njiani hujitenga mapema, wateja wa machungwa hutoka majumbani na vikapu vyao kabla honi haijapigwa, na mwizi hawezi kuliondoa gari la namna hii usiku bila kumwamsha mwenyewe, mkewe na jirani zake. Wajapani, ambao ndio walioiunda pikapu yenyewe, waliitambua fadhila hii zamani: katika kasri la Nijo mjini Kyoto, lililojengwa mwaka 1603, mna sakafu za mbao ambazo hulia mtu akizikanyaga, na husimuliwa kwamba zilitengenezwa hivyo ili muuaji asimnyemelee mtawala. Wengine husema sauti hiyo hutokana tu na misumari iliyolegea kwa miaka mingi. Iwe iwavyo, uchakavu wa Kyoto umepewa jina la ndege mwenye sauti nzuri na watalii hulipa kuusikiliza, na uchakavu wa Kisarawe haulipwi hata salamu.

Lakini adhama ya mlio huu hudhihirika hasa siku unapotafutwa. Kwanza, una haya: ulie safari nzima, ukifikishwa gereji hunyamaza, na mwenye gari hubaki akiigiza sauti hiyo kwa kinywa chake mbele ya vijana wanaojizuia kucheka. Pili, una majira yake. Katika masika, matope na maji huingia kwenye viungo na kufanya kazi ya grisi, na mwenye gari hudhani limepona kwa dua. Vumbi likirudi baada ya mvua, ugonjwa hurudi nalo. Tatu, una ujanja wa kusingizia, kwa sababu chesisi ni chuma kimoja kirefu ambacho huichukua sauti kutoka upande huu na kuitoa upande ule, hata mpira uliokufa mkiani ukashitakiwa mbele chini ya miguu ya dereva.

Anayeshitakiwa kwanza siku zote ni shokapu, kwa kuwa huonekana, hufunguliwa kwa urahisi na huuzwa kila duka la spea. Katika gereji moja ya Maili Moja, Kibaha, chini ya mwembe, nilimwona kijana ametoka uvunguni akifuta mikono kwa gunia.

“Shikamoo, mzee. Hizi shokapu zimekwisha.”

“Marahaba, mwanangu. Umejuaje?”

“Si inalia?”

Fundi mkuu, aliyekuwa amekaa juu ya ringi akinywa chai, hakumjibu. Alipanda bampa ya nyuma akaanza kulinesanesa gari kwa uzito wake, akamwamuru kijana arudi chini na kuweka vidole juu ya kila kiungo, kwa maana vidole huhisi mtetemo pale ambapo sikio hudanganyika. Kisha akampa chupa ya maji ya sabuni, amwagie kiungo kimoja baada ya kingine, bila haraka. Bushi za shokapu zililoweshwa, mlio ukaendelea. Jicho la mbele la springi lililoweshwa, mlio ukaendelea. Maji yalipofika kwenye shakeli ya kushoto, kile kiungo kinachoufunga mkia wa springi kwenye chesisi, gari likanyamaza ghafla, na kijana akaitazama ile chupa kama mtu aliyeonyeshwa karama. Baadaye nondo ilichomekwa, ikabinywa, na mpira wa shakeli ukaonekana umeliwa upande mmoja hadi chuma kugusana na chuma.

Hapa naomba ruhusa ya kuacha mzaha kwa sentensi moja: katika pikapu za kuvuta kwa magurudumu ya nyuma tu, boljointi ya mbele ikilia unapokata usukani haisifiwi wala haimwagiwi maji ikaachwa, hubadilishwa, kwani ikichomoka gurudumu hulala na gari hulifuata.

Ama tiba, ile ipendwayo na umma ni oili chafu, ambayo humwagwa juu ya springi kwa ukarimu na huleta ukimya wa siku chache. Halafu hulikaribisha vumbi, vikachanganyika vikawa tope la kusagia chuma, na mpira ulioguswa na oili huvimba na kulainika. Tiba ya haki ni ya taratibu. Gari hupakuliwa, chesisi huinuliwa na kuegemezwa juu ya stendi za chuma, si mawe, ekseli ikaachwa ining’inie ili majani ya springi yaachane. Kutu hupigwa brashi ya waya, grisi yenye grafiti hupakwa kwenye ncha ambako majani husuguana, na bushi mpya huingizwa. Bolti za bushi hazikazwi kwa nguvu ya mwisho mpaka gari lishushwe lisimame kwa miguu yake, maana mpira uliokazwa wakati gurudumu linaning’inia hukaa umesokotwa kila siku ya maisha yake na hufa kijana. Yuboti nazo, zinazoifunga springi kwenye ekseli, hukazwa tena baada ya safari ya kwanza ya mashimo.

Hapo ndipo mwenye gari anapojua alichopoteza. Akiwa njiani kwenda Mzenga, husikia kwa mara ya kwanza difu ikiguna, mlango ukigonga, na tangi likicheza. Na abiria wa kiti cha mbele, aliyekuwa hawezi kuzungumza kwa ajili ya makelele, hupata wasaa wa kueleza shida zake na kiasi anachoomba kukopeshwa. Haipiti wiki jirani anabisha hodi: “Mzee, tumefurahi gari limepona. Jumamosi tuna shughuli Kisarawe, tunaliomba likachukue viti na maturubai.” Pikapu inayolia haiazimwi na mtu. Ndiyo maana wapo wamiliki ambao baada ya sala ya Ijumaa humrudia fundi kwa siri, kumuuliza ni bolti ipi ikilegezwa kidogo haitadhuru. Fundi huwajibu kwamba bolti ya namna hiyo haipo, lakini kama wana subira, waache kupaka grisi, wangoje kiangazi.