Mgeni Njoo

Wahenga walituonya: dudu liumalo usilipe kidole. Mimi nimelipa vyote kumi, na macho mawili nikaongeza kama bakshishi, kila usiku watoto wakishalala. Leo nimekuja kulishukuru.

Namzungumzia mdudu wa programu, lile kosa linalojibanza ndani ya msimbo. Na wangu ananona kwa sababu namjengea nyumba yake mwenyewe: ninaandika mfumo endeshi, kwa kujifurahisha tu, ilhali dunia ina Linux na Windows za kutosha. Mama Salma aliwahi kuniuliza mfumo huo unafanya nini. Nikamjibu kwa fahari kwamba unawaka. “Hata jiko linawaka, Baba Salma,” akasema, “tena linapika.”

Mfumo wa aina hiyo hauna mteja wala msifiaji. Mgeni wake pekee, anayekuja bila kualikwa na kulala bila kutandikiwa, ni mdudu. Basi tumpe heshima yake.

Kwanza, nasaba. Thomas Edison alimtaja kwa jina hilo la mdudu katika barua ya mwaka 1878. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II pale Harvard walipekua mashine iliyowasumbua, wakamkuta nondo amenasa kwenye rilei. Wakambandika kwa utepe ndani ya daftari la kazi, na daftari hilo sasa linatunzwa na makumbusho ya Smithsonian. Mafundi wangapi wametunzwa hivyo?

Pili, cheo. Kompyuta za kwanza za IBM PC zilikuwa na upungufu: anwani ya memori ikivuka megabaiti 1, ilirudi sifuri. Baadhi ya programu zikauzoea upungufu huo, zikautegemea. Mwaka 1984 ikaja PC AT, yenye prosesa iliyoweza kuvuka mpaka ule, na programu hizo zikawa hatarini kuanguka. IBM ikafanya nini? Ikaweka lango la kuurudisha upungufu, na ufunguo ikakikabidhi kidhibiti cha kibodi. Kwa miaka mingi, mwandishi wa mfumo endeshi aliyetaka memori yake yote alilazimika kwanza kubisha hodi kwa kibodi. Wafanyakazi wengi hustaafu bila hata saa ya ukutani; upungufu ule ulistaafu ukapewa lango na bawabu.

Tatu, matendo. Mwaka 1991, mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alikuwa na mfumo wake aliousema ni wa kujifurahisha, hautakuwa mkubwa. Siku moja alitaka kompyuta ipige simu kupitia modemu. Akakosea, amri zikaenda kwenye diski. Diski haina simu. Amri ziliandikwa juu ya data iliyokuwamo, na Minix, mfumo endeshi aliokuwa akiutegemea, ikaharibika. Badala ya kuisimika upya, akahamia kwenye mfumo wake. Leo kiini cha mfumo huo, kerneli ya Linux, kimo ndani ya simu za Android. Ukimpigia mtu kwa simu hiyo, ikumbuke diski iliyowahi kupigiwa.

Nne, ualimu. Kosa likitokea, prosesa huita sehemu ya kulishughulikia. Nayo ikikosea, huita nyingine. Hiyo nayo ikikosea, mashine hujiwasha upya, kimya, kama mwalimu anayefuta ubao wote bila kukwambia ulipokosea. Nilifutiwa ubao wiki tatu. Nikaituhumu diski, nikaituhumu waya, nikaituhumu kompaila. Kumbe sekta ya diski yangu ina baiti 512, nami niliyeanza kuhesabu na sifuri nilikuwa nafika 512 badala ya kukomea 511. Nilipofungua kumbukumbu za mabadiliko kumtafuta mhalifu, nikakuta jina langu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilishona mimi.

Lakini ukisikia mgeni yuko njiani, hufagii uwanja? Kila sehemu safi ya msimbo wangu ilifagiwa kwa ajili yake. Kazi niliyoirudia mara nne niliikusanya mahali pamoja ili akose pa kujificha, na vigeu nilivyoviita x na xx vikapata majina ya heshima.

Yuko mdudu mmoja, mkubwa wao, mwenye haya kama bibi harusi. Mfumo ulikuwa ukiganda kila ukiwaka. Nikatia mstari wa kumfuatilia, unaoandika kwenye skrini maneno mawili tu: NIMEFIKA HAPA. Akatoweka. Nikautoa mstari, akarudi. Nikaurudisha, akatoweka. Fundi mwadilifu angemsaka hadi ampate. Mimi niliuacha mstari.

Juzi Mama Salma akapita nyuma yangu mashine ikiwaka, akasoma maandishi yale. “Nani huyo kafika?”

“Mgeni njoo,” nikamjibu, “mwenyeji apone.”